Pikipiki Isiyoinama

Fundi,

Shikamoo. Najua hata huko uliko utauliza habari za pikipiki kwanza, za watu baadaye. Basi tulia nikwambie: Jumamosi pikipiki yako ya mashindano ilitoka gereji.

Mama Neema alikuwa ameapa haitatoka. Tangu tulipokuzika mgombani hakuisogelea, maana siku ulipoanguka na presha mlikuwa hamsemeshani kwa ajili ya pikipiki hiyo. Neema alimbembeleza wee, mwisho akakubali aijaribu mara moja tu. Ikimtupa mwanawe, inauzwa skrepa.

Tukashuka nayo uwanja wa vumbi, chini ya Mabogini. Zilikuja pikipiki ambazo ungeacha hata chakula uzitazame: moja ya umeme, inapita kimya mpaka unasikia kokoto, nyingine ya jamaa wa Arusha, ina matairi mawili mbele. Yako waliizunguka wakicheka. Pikipiki gani haina shokapu za mbele, tairi limeshikwa na mkono mmoja wa chuma ubavuni? Nikawajibu kwa maneno yako: "Ukishika breki, haiinamishi pua." Nilijibu kwa ubishi tu. Mkono ule tuliuchomelea mimi na wewe, na hatukuwahi kuujaribu kwa mwendo mkali.

Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili Neema akavuta mafuta. Binti yako yule hajui woga. Kwenye kona ya mkonge, aliyekuwa mbele yake akashika breki, pua ikazama, akaanguka katikati ya njia. Neema akakamata breki zote. Vumbi likawafunika. Nilikimbia nikiita jina lako, si lake, sijui kwa nini.

Neema akatokea upande wa pili amekaa wima, pikipiki haikuinamisha pua. Yule aliyeanguka naye akainuka, anajipangusa.

Nikamtafuta Mama Neema nishangilie naye, kumbe ameshaingia uwanjani, jani la isale mkononi. Alikuwa amelichuma kihambani, shambani kwenu, asubuhi, hakumwambia mtu. Akalifunga kwenye usukani, akaweka kiganja juu ya tangi.

"Baba Neema, nisamehe."

Waliokuwa wakicheka wakavua kofia. Mchagga gani asiyejua kwamba isale linaomba msamaha, na kwamba halikataliwi? Mama akabaki ameinama pale, anangoja. Nilishindwa kuvumilia, Fundi. Nikajibu mimi: "Amepokea, Mama."

Pumzika sasa. Nakuahidi Neema hatapanda tena kabla sijakagua kila tulipochomelea. Na wewe, tafadhali, msamehe Mama, usinifanye mwongo.

Kijana wako wa gereji