Nilivyodai nilimkanda mama yake Najat

Faudhia shoga yangu, leo nimeaibika hadi nimejificha chumbani.

Tulikuwa uani na majirani tunapaa samaki, sato wa arusi. Jirani mmoja akasema mjukuu wangu Najat kafanana na mimi. Mdomo wangu huu ukajibu, "Alivyozaliwa, mimi ndiye nilikuwaga namkanda mama yake na maji ya moto."

Najat akasema, "Bibi, mama hakunizaa. Alinichukua Bunda anilee, nikiwa mtoto nimeshaanza kukaa mwenyewe. Umesahau?"

Jirani akacheka, "Sasa bibi, ulimkanda nani?"

Nilimkanda nani, Faudhia?

Mama yake kamzoesha kulisema bila kuficha. Sasa Najat kanifuata huku chumbani, ananong'ona, "Bibi, kutoka Bunda ni vibaya?"

Ananong'ona. Hilo la kunong'ona, kana kwamba ni aibu, kalipata kwangu leo.

Namshika mkono turudi uani, nikamjibu mbele ya walewale niliowadanganya.