Kwa Mama Aliyetembea Kushoto Kwangu

Mama,

Umefariki Jumapili alfajiri, huko Marekani. Aliyenieleza ni Bahati, mdogo wangu, kwa simu, na aliongeza kwamba madaktari wa huko wametaja moyo. Ulikuwa umelala. Nilimwomba arudie, si kwa kutoamini. Mkono ulikuwa umeipeleka simu kwenye sikio la kushoto, lile lisilosikia tangu nilipopasuliwa, na sentensi ya kwanza ikapotea. Ikabidi mwanao aiseme mara mbili.

Nilipotoka hospitali Mbarara, mwaka 2013, daktari alikupa wewe maelezo, kwa sababu mimi nilikuwa natapika kila nikigeuza kichwa. Uvimbe uliokuwa kwenye mshipa wa kusikia ulikuwa umetolewa, na haukuwa saratani. "Nyabo, mama, sikio hiyo imekwisha," alikuambia. "Uso, tungoje. Kutembea, atajifunza tena kama mtoto." Ulimjibu kwamba huyu ulishamfundisha kutembea mara moja, bila hospitali.

Chumba nilichopanga mjini, karibu na kituo cha redio nilikofanya kazi, kilikuwa ghorofani na ngazi zake hazikuwa na pa kushika. Ukanipeleka kwako Nakivale, kambi ya wakimbizi, kwenye nyumba ya udongo uliyoijenga tulipofika kutoka Kivu Kusini, Kongo, mwaka 1996. Nililala kitanda chako. Wewe ulitandika mkeka chini.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, unajua. Walikuja kwa makundi, kwaya leo, majirani kesho, na mkaa, na maharagwe, na sukari kwenye kikaratasi. Ulisimama mlangoni ukiwapangia pa kukaa. Mtu akielekea kushoto kwa kitanda ulimvuta nguo: "Kaa fasi hii. Upande ule hakuna mutu." Walicheka. Nami nilicheka kwa nusu ya uso iliyoweza. Uji ulininywesha kwa kijiko, kupitia pembe ya kulia ya mdomo, na kilichomwagika kushoto ulikifuta.

Jicho la kushoto lilikataa kufumba. Siku moja, katikati ya maombi, mama mmoja wa kwaya alifumbua lake na kuona langu likimtazama. Kufikia jioni zoni yote ilikuwa na habari kwamba binti wa Mama Zawadi ana kitu ndani kisichotaka sala. Waliporudi kuombea kitu hicho kitoke, uliwaachia viti, ukawapa maji, kisha ukawaambia: "Hii jicho inalinda. Ninyi mulifunga yenu yote. Mwizi akiingia, nani atamuona?" Mama Furaha, jirani yako, alicheka hadi akatoka nje. Baada ya hapo ukawa unalifunika kwa shashi na plasta kila wageni wakija, na kila tukitoka, kwa ajili ya vumbi.

Na tulitoka. Daktari alisema nishike ukuta. Ulisema ukuta hauendi chooni. Ulitembea kushoto kwangu, bega lako kwenye kiwiko changu, kwa sababu mwili ulikuwa ukiniangusha upande huo. Hukunishika. Ulikuwa pale tu, na nikiyumba nilikukuta.

Ndipo tarehe yenu ya safari ya kwenda kuishi Marekani ikatoka. Kesi, yaani faili la maombi ya kuhamishiwa huko, ilikuwa yako na Bahati, mkewe na watoto. Jina langu halikuwamo, nilikuwa nimehamia mjini kwa kazi kabla hamjaanza. Mlikuwa mmengoja miaka mingi. Ulimwambia Bahati aende na watu wake, wewe utabaki na mgonjwa. Alikasirika. Alisema ukibaki utaanza upya kabisa, mahojiano, vipimo, kungoja, na kwa umri wako huenda usiitwe tena. Ulimjibu kwamba Amerika haiwezi kukimbia.

Nilikuwa upande wa Bahati. Nilikuambia kichefuchefu kimeisha, nakula mwenyewe, naoga mwenyewe, na daktari alishasema naweza kukaa peke yangu. Ulinisikiliza, kisha ukasema daktari hajui uwanja wako. Ukaniletea beseni la maharagwe, ukasema nilipeleke kwa Mama Furaha na kurudi bila kugusa kitu. Uwanja ule una mawe, na mfereji wa maji ya mvua, na mbuzi wa jirani. Nilitazama beseni, nilitazama njia, nilikwenda, nilirudi. Ulianza kukunja vitenge vyako.

Kitu kimoja hatukukijaribu, kwa sababu hakuna aliyejua kuna cha kujaribu. Tangu nipasuliwe nilikuwa nasali nimeketi, kama wagonjwa wote.

Siku ya kuondoka tulikuwa Base Camp, makao makuu ya kambi, kabla ya mabasi. Kila familia ilikuwa na duara lake la watu wa kuaga. Mzee wa kanisa alituomba tusimame, tushikane mikono, tufumbe macho. Jicho la kushoto lilikuwa chini ya shashi. Nilifumba la kulia, na ardhi ikaondoka. Sikujua ni wapi juu. Nilianguka juu ya mizigo yenu, nikamwangusha na mke wa Bahati.

Baadaye daktari alinieleza kwamba anayebaki na sikio moja la kumpa mizani hutegemea macho. Yakifungwa, anaanguka. Siku ile wewe hukuhitaji daktari. Ulinipangusa vumbi, ukanitazama, na nikaona umeanza kuutafuta mkoba wako kati ya mizigo, ili ubaki. Bahati naye aliona. Alikuita mara mbili. Dereva alikuwa anasoma majina.

Nilikuambia: "Mama, nitasali macho wazi." Nilisema kama jambo dogo, kwa sababu lilikuwa dogo.

Ulimvuta Mama Furaha kutoka kwenye duara, ukachukua mkono wake, ukauweka kwenye kiwiko changu cha kushoto. "Ni huu upande," ulimwambia. "Ule mwingine anajiweza." Ukapanda basi. Ulikaa dirisha la upande wa pili, na hadi leo sijui kama ulipewa kiti hicho au ulikichagua.

Miaka miwili tumeongea kwa simu. Nilirudi Mbarara, nilirudi redioni, nasoma taarifa kwa mdomo ambao umepona kiasi cha kutosha kwa redio. Uso haukurudi wote. Watu hapa wanauliza, kwa adabu, kama najuta kukuhimiza uende. Ungebaki, ningekuzika mimi. Hilo najua. Bahati anasema huko walikupima na kukupa dawa za moyo ambazo hapa hatukujua kama unazihitaji. Huenda miaka hii miwili ilitoka kwenye dawa hizo. Sina njia ya kuthibitisha, na sipendi kusema nisichothibitisha, hata kwako.

Ninachoweza kusema ni kwamba naona vibaya kuwa mkono uliokufumba macho ni wa mtu nisiyemjua. Jicho langu la kushoto bado halitoi machozi, mshipa wake uliguswa. Wanaokuja kunipa pole wakikaa upande huo wanaona mtu asiyelia, na mmoja ameshalisema sokoni. Sijamsahihisha. Wewe ungekuwa na la kumwambia, na sote tungecheka.

Pumzika, Mama. Umehama mara nyingi mno kwa mtu aliyependa kukaa.

Utazikwa Ijumaa saa nne asubuhi kwa saa za kwao, hapa itakuwa saa kumi na mbili jioni. Katika nyumba yako sasa inakaa familia kutoka Burundi, nao wamekubali tukusanyike uwanjani. Ninaondoka Mbarara Alhamisi mchana.

Kifungua mimba wako,
Zawadi