Mifuko Chini ya Tuta

Kambini, jangwa la Kalahari,
Botswana.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kaka Ambokile,

Nakusalimu. Natumaini kifua cha mama kimepoa, na mvua ya Kyimo imewaachia walau siku moja ya kuanika shuka. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo na macho yana mchanga tangu Jumanne. Salamu nazikomesha hapo, maana barua yako nayo ilikuwa na mistari miwili ya salamu na kumi na tisa ya kunifukuza. Niliihesabu.

Umeandika hivi: "Migomba ya bondeni aliipanda baba, na mali ya baba ni ya wanaume. Wewe ulikuwa unatunza tu, na sasa umeolewa na jangwa." Kisha unaniarifu kwamba utaing'oa yote, usawazishe na tuta, upande chai, kwa kuwa siku hizi kiwanda kinanunua majani kwa wakulima wadogo. Na baraza la kijiji litakaa baada ya mavuno, kuitikia tu. Ndaga fijo, kaka. Asante kwa taarifa.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana nasikia huko Tukuyu unawaambia watu kwamba dada yako anawapikia Wazungu mchangani. Nilianza hivyo kweli. Biashara ilipofunguliwa nilitoka na marobota mawili ya vitenge, nikapita Tunduma, Lusaka, Livingstone, vitenge vikaisha, nikaishia kwenye sufuria za kambi hii. Mwezi wa tatu Profesa, mwenye kambi, alipungukiwa mtu wa kuchimba. Nikamwambia mimi nimezaliwa na jembe mkononi. Sufuria nikamwachia mwingine. Jina la mpishi likabaki kwangu.

Huku kuna vilima vya mchanga vilivyonyooka kama matuta ya viazi, kimoja baada ya kingine mpaka unachoka kutazama. Vililetwa na upepo. Leo vimeota nyasi na miiba, haviendi popote, na Profesa anataka kujua vilisimama lini. Basi tunachimba shimo ubavuni mwa kilima, mita tatu, mara nyingine nne, tunakinga kwa mbao ukuta usitufukie. Halafu nagongelea bomba la chuma kwenye ukuta wa mchanga. Mapigo thelathini na kitu mchanga ukiwa laini, hamsini ukiwa umeshikana. Bomba linatolewa chini ya turubai jeusi, linazibwa, linafungwa kwa utepe, lisione jua kabisa mpaka maabara.

Sababu yake ni hii. Chembe ya mchanga ikiwa juani ni tupu. Ikifukiwa, udongo unaoizunguka unaijaza nguvu kidogo kidogo, kama ndoo chini ya bomba linalovuja. Maabara wanaimulika kwa taa ya namna yake, ile chembe inatoa yote iliyoweka, inang'aa, wanapima mng'ao. Wakishajua imejaa kiasi gani, na kwa mwaka huingia kiasi gani, wanagawanya. Hesabu ya darasa la nne. Lakini jua likiiona njiani, hata kwa muda mfupi tu, inamwaga kila kitu na inakuwa ya leo. Maelfu ya miaka yamekwenda.

Mwezi uliopita msaidizi wa Profesa, bwana mzima mwenye ndevu mpaka kifuani, alifunua turubai apige picha huku bomba namba kumi na moja likiwa wazi. Akaliziba haraka haraka, akalipanga na mengine. Lile lilikuwa shimo la siku nne! Yalipojulikana, alininyooshea kidole. "Ni mpishi."

Mma Naledi, mama wa hapa ninayechimba naye, akaninong'oneza, "Kaa kimya, dada. Ukibishana watakupa nauli."

Sikukaa kimya. Nilisema, "Mabomba yangu yote nayaziba kwa kipande cha kitenge chekundu, huku na huku, mchanga usitikisike. Fungueni hilo, si limeshaharibika?"

Wakafungua. Ndani kulikuwa na soksi.

Mma Naledi akapiga makofi. "Rra Profesa, mguu wa mpishi wetu hauingii hata nusu ya hiyo!" Watu wakacheka mpaka dereva akakaa chini. Mwenye soksi hakucheka. Profesa naye hakuniomba radhi. Kesho yake alinikabidhi daftari la namba za mabomba, akasema tangu leo liwe kwangu. Nikalipokea. Radhi nimezoea kuikosa.

Sasa turudi bondeni.

Unajua palivyokuwa. Matete na vyura. Niliporudi nyumbani nimeachika, na begi moja, mama alinionyesha pale kwa sababu hakuna mwanaume aliyepataka, wewe ukiwemo. Nilichimba mtaro wa hatua sabini na mbili, kina futi tatu, kuzuia maji ya mlimani. Udongo niliutupa upande wa chini, ukawa tuta, na juu ya tuta nikapanda migomba ili mizizi ilishike. Migomba hiyo ndiyo inayomlisha mama mpaka leo. Hilo kwenye barua yako sikuliona.

Unajua pia ardhi ya Kyimo ukiichimba. Juu udongo mweusi, halafu futi mbili chini unakuta ule mkanda wa vijiwe vyepesi vilivyotemwa na mlima, vile tunavyosugulia visigino. Kwa hiyo nilipochimba mtaro mweusi ulitoka kwanza, vijiwe vikaja juu yake. Ndani ya tuta mambo yamepinduka: vijiwe juu, mweusi chini. Na chini kabisa, kwenye kona iliyokuwa ikivuja, kabla koleo la kwanza halijamwagwa, ilitandikwa mifuko mitupu minane ya mbolea.

Mifuko hiyo unaijua. Ni ile ya mwisho ya ruzuku, ya chama cha ushirika, yenye chapa ya mwaka, masika ya kwanza baada ya kumzika baba. Kijiji kizima tulipanga foleni, na wewe ndiye uliyekuwa ukisoma majina. Baada ya hapo ikawa soko huria, kila mtu na lake.

Migomba iko juu ya tuta. Tuta liko juu ya mifuko. Mifuko ilikuja baba yuko kaburini. Niambie basi, kaka, alitoka lini kuja kupanda?

Najua unachofikiria hapo ulipo. Unafikiria kwenda na koleo mapema. Nenda. Ila udongo ukishafukuliwa haurudi ulivyokuwa. Mkanda wa vijiwe utakatika, mweusi utachanganyika nao, na aliyekata ataonekana bila kutajwa. Mimi nimetazama kuta za mashimo kwa miaka mitatu, naona hata pale panya alipopita. Ukilisawazisha lote, utalieleza baraza haraka ilikuwa ya nini. Nakala ya maelezo haya iko kwa mwenyekiti wa kijiji. Niliituma wiki mbili kabla ya hii, pamoja na mchoro na vipimo: kutoka jiwe la kufulia hatua arobaini na moja. Nimemwomba walikate tuta mbele ya watu, taratibu, kabla hajazungumza mtu yeyote, si wewe wala anayenitetea.

Kama ungeniomba sehemu ya kupanda chai, ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma. Uliandika "ulikuwa unatunza tu", mtu uliyepita juu ya ule mtaro asubuhi ukienda kanisani na kunikuta nimo ndani yake mpaka kiunoni, ukasema, "Jumapili hii nayo unachimba?"

Msalimie mama, mwambie dawa ya kifua nimempa dereva wa lori anayekuja Tunduma. Msalimie shangazi wa Lupepo aliyeniuzia jembe. Wasalimie watoto wako wote watatu, hawana kosa.

Na msalimie wifi. Mwambie kwenye nakala ya mwenyekiti niliandika kwamba mifuko niliitandika peke yangu. Aliyeshika ncha ya pili sikumtaja, kwa sababu analala nyumbani kwako.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Atupakisye