Jumamosi ya Kutia Sahihi

Mbagala, Dar es Salaam
20 Septemba 2024

Mamdogo Sauda,

Shikamoo. Natumai u mzima na mguu umepungua uvimbe. Mwili wangu haujambo, moyo ndio unakwenda mbio. Barua naituma kwa basi pamoja na vitabu, maana simu yako inasomwa na nyumba nzima.

Kornelio, yule mwenye duka la vitabu, amekubali niuze riwaya yangu na kuitia sahihi dukani kwake, hapo Masoko, Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba. Amebandika matangazo sokoni na stendi, nami naweka picha mtandaoni kila siku. Hajajibu mtu. Naogopa kukaa mezani peke yangu kama karani wa ofisi iliyohamishwa.

Ila naogopa zaidi Bi Mastura asije akasikia. Riwaya inaanzia ndani, siku za kufundwa mwali, na yeye ndiye kungwi aliyenifunda. Alituapisha kwamba ya ndani hayatoki nje. Akisimama mbele za watu aseme nimeuza siri, Kilwa sirudi tena. Nakuomba, asijue.

Mwanao,
Nusaiba


Kilwa Masoko
26 Septemba 2024

Mwanangu Nusaiba,

Marahaba. Sisi wazima, na mguu unanivumilia.

Tangazo la ukutani ni la chanjo na mnada, mwanangu. Mtu wa hapa haendi kwenye shughuli kama hajaalikwa kwa mdomo, ataonekana amejipeleka. Basi nimejitanda kanga nikapita mlango kwa mlango. Nimesema ni baada ya Alasiri, na kahawa na kashata zipo. Nawe usijifiche nyuma ya meza. Simama mlangoni uwapokee, wasomee kipande, na kila mmoja umuulize jina analopenda kuitwa ndipo umwandikie. Mtu hununua akishakaribishwa.

Sasa usinikasirikie. Nilianzia kwa Bi Mastura. Shughuli ya wanawake haiendi mlango wa pili kabla ya kwake. Ningemruka, asingetoka mwanamke hata mmoja. Nilimweleza kitabu kinahusu nini. Akaendelea kupepeta mchele wake. Halafu akauliza, "Siku gani?" Basi. Nami nikaenda mlango wa pili.

Mamdogo wako,
Sauda


Mbagala
3 Oktoba 2024

Mamdogo,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi usingizi sina.

Tulipokuwa ndani Bi Mastura hakutupiga hata siku moja. Aliuliza swali moja tu, nasi tukakiri wenyewe. Nimeisoma tena riwaya yote nikitafuta alichokataza. Wimbo sikuandika hata mmoja. Nimeandika hofu ya mtoto na harufu ya liwa tuliyopakwa mwilini. Je, na hofu nayo ni siri?

Nitakuja, kwa sababu nikikimbia nitakuwa nimekiri. Unipokee stendi, usiniache nitembee peke yangu.

Mwanao,
Nusaiba


Kilwa Masoko
14 Oktoba 2024

Mwanangu,

Alhamdulillahi, tu wazima. Natumai ulifika Mbagala salama. Kondakta kaniambia ulishuka Nangurukuru, pale njia panda ya kuja huku, ukavuka barabara, ukapanda gari la kurudi. Simu umezima. Sikulaumu, ila imeniuma.

Watu walijaa hadi barazani. Bi Mastura alitangulia, na chetezo cha udi mkononi, akakaa kwenye kiti chako. Kornelio na wanaume wote aliwatoa nje, kwenye duka la mwenyewe! Akamwamuru binti wa jirani yetu Amina asome sura ya kwanza kwa sauti. 

Binti alipomaliza, Bi Mastura akamuuliza, "Nyimbo kaziandika?"

"Hapana, bibi."

"Tuliyowaonyesha?"

"Hapana."

"Basi amefundika. Yetu kayatunza, katoa yake."

Ndipo watu wakanunua, wakataka sahihi.  Bi Mastura akasema, "Mwandishi hayupo, aliyemfunda yupo." Kuandika hajui. Akaagiza wino wa mhuri wa Kornelio, akachovya dole gumba, akagonga kitabu kimoja kimoja, huku akimuuliza kila mtu jina lake. Vimekwisha vyote.

Alichonunua yeye alikataa kukigonga. Alikaa nacho mapajani, macho mlangoni, mpaka Magharibi ikaadhiniwa, ndipo akaenda nyumbani.

Mamdogo wako,
Sauda