Glavu za Baba Zimefika Nakuru

Baba, shikamoo.

Nakuru iko juu sana kwa watu wa pwani. Vijana wetu wakikimbia nusu uwanja wanashika viuno, na mechi ni kesho. Mimi situlii, jezi nimeshazikunja mara nne.

Leo mazoezini nilizianika glavu zako kwenye ua wa uwanja, maana mvua iliingia begini. Mzee mmoja, muuza maziwa wa Subukia, akauliza mbona kila mchezaji anazigusa akipita. Nikamsimulia klabu yetu: ilivyoanzishwa na wachukuzi wa bandarini, ikacheza pekupeku, hadi ikaja Nairobi ikarudi Unguja na kombe, kwa penalti ya mwisho uliyoidaka wewe.

Akaweka mtungi chini.

“Madam, hiyo penalti nilipiga mimi. Na huyo kipa hakuigusa! Alikuwa ameangukia upande ule mwingine. Iligonga mwamba ikatoka.”

Baba! Miaka yote hii! Nikaanza kuzianua glavu. Akanizuia.

“Wacha hapo. Hata mimi kwetu nimeambia watu ilishikwa. Si ni afadhali kushikwa na kipa mkali kuliko kukosa goli mwenyewe?”

Basi zipo palepale kwenye ua, na vijana wanazidi kuzigusa. Kadi hii ukishaisoma itie motoni, wenzako wa klabuni wasije wakaiona. Kunywa dawa zako, Baba yangu. Mzee anakusalimu sana, na anakuomba usibadilishe hata neno moja.

Mwanao,
Zuhura