Babu, Nimelifuta Jina Lako kwenye Kompyuta

Babu yangu,

Shikamoo. Wiki hii nimelifuta jina lako kwenye kompyuta, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Unakumbuka Baba alivyoileta? Uliuza kakao ya msimu mzima ili inunuliwe, nami nisome kama watoto wa mjini. Baba akaona shukrani nzuri ni kuweka jina lako, na tangu siku hiyo kila ilipowashwa lilitokea katikati ya kioo kwa herufi kubwa. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. Baba akarudi kwenye lori lake, akavuka mpaka pale Kasumulu kuelekea Malawi, akatuachia tatizo ambalo hakulifikiria.

Mama hakuweza kukaa mbele ya kompyuta hiyo. Wewe ni baba mkwe wake, na kwenu ule mwiko wa ingamwana haukuwa hadithi ya zamani: hatamki jina lako, hakutazami usoni, hamkai chumba kimoja. Atakaaje mbele ya mashine inayomwonyesha jina hilo? Alikuwa anasimama ukumbini ananiuliza, "Limepita?" Nikimjibu limepita, alichungulia kidogo, kisha akaondoka hata hivyo. Hata hapa silitaji, maana barua hii ataisoma.

Mimi ndiye niliyebeba maneno yenu. Mwambie mama yako ndizi za leo zimeiva vizuri. Mwambie babu yako maji ya kuoga yako tayari. Mlisikiana kabisa kupitia ukutani, lakini mlisubiri nifike niseme upya. Darasani naogopa hata kunyoosha kidole; kwenu nilikuwa msemaji, na sikuwahi kupoteza neno.

Na kile kikohozi chako. Kabla ya kukata kona ya migomba ulikohoa mara mbili, kifupi, ili Mama ajue unakuja apishe njia. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka ulipoanza kukohoa kweli. Mama alikusikia, akaacha ufagio, akaingia ndani kukupisha. Ukakohoa tena, naye akaendelea kukaa ndani. Tulipokuja kuelewa, ulikuwa huwezi kusimama.

Ukataka mashine ihamishiwe chumbani kwako. Ukaishika ile maiki ndogo kama unashika kifaranga, ukasimulia ulivyokwenda migodini ukiwa kijana, na mimi nikarekodi. Mwishoni ukaniambia, "Sasa kuna neno la mama yako. Kalete maji."

Nilielewa, nikakaa bombani hadi ndoo ikafurika. Niliporudi ulikuwa umefumba macho. Ukasema atalisikia ukishaondoka.

Tulikuzika, na Mama hakuliulizia. Siku moja tu, akipepeta mchele, aliniambia bila kuniangalia, "Ataniuliza kwa nini nilimkimbia akiwa anaumwa." Nilitaka kumwambia haiwezekani. Lakini sikujua ulisema nini. Tangu hapo nami nikaanza kuliogopa neno lako.

Kisha virusi vikaingia kwenye mashine. Ikawa inazimika yenyewe, na mafaili mengine yakageuka alama zisizosomeka. Fundi wa mjini alisema ifutwe yote, halafu atuwekee programu ile ile ya zamani, nakala ya wizi isiyolipiwa. Mwalimu wetu wa fizikia, yule aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akanipa diski nyingine. Alisema ndani yake mna mfumo huria wa kuendeshea kompyuta: waliouunda wanaugawa bure, ruhusa kuunakili, ruhusa hata kuubadilisha. Nilimuuliza kama kuna mtu atakuja kutukamata. Alicheka, akasema hakuna, huo ndio uhalali wenyewe. Alinakili faili la sauti yako kwenye flashi yake, akanionya kwamba vingine vyote vitafutika.

Niliisoma karatasi ya maelekezo ya ile diski hadi ikalegea kwenye mikunjo. Mashine iliponiuliza kama nina uhakika, sikuwa nao. Nilibonyeza. Kioo kikawa cheusi, nami nikajishika mdomo nisipige kelele. Kilipowaka tena jina lako halikuwepo. Mahali pake palikuwa na nafasi tupu, na swali: anayeitumia anaitwa nani?

Niliandika jina la Mama, nikamwita.

Alisimama mlangoni mikono ikiwa na mapovu ya sabuni. Akauliza kama limepita. Nikamwambia, "Halipo tena, Mama. Lipo la kwako." Aliingia, Babu. Aliketi pembeni ya kiti, akalisoma jina lake polepole kama barua kutoka mbali. Kisha akasema, "Haya. Niwekee neno lake." Akatoka, akaketi ukumbini nyuma ya mlango, akajitanda khanga.

Nikalifungua. Mashine ikajibu kwamba haiijui sauti ya aina hii.

Nilijaribu tena na tena. Nyuma ya mlango Mama akasema taratibu, "Basi, mwanangu. Amekataa kuongea na mimi." Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku tulipokuzika. Maneno yote madogo ya ndizi na maji niliyafikisha, na hili moja kubwa nilikuwa nimelipoteza.

Mwalimu alisema mfumo hauna kosa. Aina ile ya sauti ina wenyewe, na waliougawa bure hawakuruhusiwa kuufungashia ufunguo wake, yaani kiprogramu cha kuisomea. Unachukuliwa pembeni, kwenye mtandao. Jumamosi nilikwenda Kyela mjini na flashi yake shingoni. Kijana wa intaneti alitaka tulisikilize palepale kwenye mashine yake, tujue kama virusi havikuliharibu. Vidole viliniwasha, lakini nikakataa. Neno halikuwa langu, wala la wateja wake. Nilirudi na ufunguo bila kujua kama kuna kitu cha kufungua.

Mama alikaa tena nyuma ya mlango. Nikaisogeza sauti yako hadi mwishoni, mahali uliponituma maji, ili nami nitoke nje. Sikuwahi.

Ulikohoa. Mara mbili, kifupi.

Nilisikia mkeka ukikwaruza. Mama alikuwa amekwisha kusimama kukupisha njia. Halafu ukasema, kwa Kinyakyusa, pumzi ikikukatika, "Kaa, mwanangu. Leo usinipishe. Siku zote ulinisikia vizuri."

Baada ya hapo ilikuwa pumzi tu, kisha ndoo yangu ikitua sakafuni.

Sikuthubutu kufungua mlango. Mkeka ukakwaruza tena, kisha Mama akaniita kwa sauti ile ile ya kunituma, kana kwamba uko chumbani kwako unasubiri chai.

"Mwambie babu yako nimekaa."

Sauti yako sasa iko kwa Mwalimu na kwetu pia, lakini kila nikiiwasha mashine bado naogopa mpaka nione kioo kimewaka. Huenda nitaacha kuogopa, huenda sitaacha. Leo nilikuwa na kazi moja, na nimeifanya: Babu, Mama anasema amekaa. Anasema pia ndaga fijo, asante sana, ingawa hilo alilisema chinichini, sijui kama alitaka nilibebe.

Pumzika salama.

Ni mimi mjukuu wako, uliyenituma maji