Popo Niliyemshonea Kifuko

Mpendwa Shangazi,

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma kwamba popo wa nyumbani kwangu amekula nusu ndizi, amejisaidia juu ya suruali ya mteja, na hali yake ni ya kuridhisha. Hiyo ndiyo taarifa ninayompa mke wangu kila akipiga simu, na ndiyo inayoniua. Naomba unisaidie.

Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kamba, na mwenye wito wa popo ni mke wangu, yeye huwaokota walionaswa na nyaya za umeme, akawatibu, wakipona akawaachia, na huyu mdogo alimbandua kifuani kwa mama yake aliyekufa kwenye waya, akamfunga kitambaa, akamnywesha maziwa kwa bomba la sindano mpaka akapata nguvu, halafu mama mkwe akaugua, mke wangu akaenda kumuuguza, akaniachia agizo moja tu: "Mume wangu, kila jioni mfungue, mtundike, apige mabawa. Akilia mwache alie." Shangazi, alilia. Alilia kama mtoto aliyefungiwa nje, nikamrudisha kwenye kitambaa kabla sijamtundika, kesho yake hivyohivyo, kisha nikaona kitambaa kinalegea, nikamshonea kifuko cha flaneli chenye kola na vifungo, kikamkaa kuliko suti yoyote niliyowahi kushona, jirani yangu mwenye duka akaja kukitazama akasema, "Baba Popo, na mimi nishonee kama hicho, ila kiunoni uongeze," tukacheka, na popo akakaa humo wiki baada ya wiki, ametulia, ananitazama kwa yale macho makubwa, nami nikajiona mlezi.

Juzi nilimvua nikamnyoosha. Bawa la kushoto lilifika nusu likagoma. La kulia vilevile. Daktari wa mifugo amesema viungo vimekakamaa, hataruka maisha yake yote, na anaumia, ni bora achomwe sindano apumzike milele. Mke wangu anarudi Jumamosi, na kwenye simu nimeshamwambia anaruka chumba kizima. Je, akichomwa Ijumaa nikasema ameondoka na wenzake, nitakuwa nimekosea sana?

Baba Popo

JIBU

Baba Popo, ndiyo, utakuwa umekosea sana.

Pole, lakini usinichekeshe na kola yako. Ulipewa kazi moja. Yule mtoto alikuwa anajifunza kuwa popo, wewe ukataka anyamaze. Hicho kifuko ulikishona kwa ajili ya masikio yako. Najua hukuwa na nia mbaya, na hilo halinyooshi bawa.

Sasa fikiria. Ukisema ameondoka na wenzake, kila jioni popo wakipita juu ya paa lenu mkeo atatoka nje kumtafuta, nawe utasimama kando yake ukimwonyesha kwa kidole, "Labda yule." Utaweza? Huwezi.

Mpigie leo, kabla hujakalia cherehani. Sema "nilikudanganya", na neno hilo usilishonee bitana ya kulipamba kwa ndani. Mwulize daktari kama dawa ya maumivu itamtosha mnyama kwa siku hizi. Kama haimtoshi, asiteseke kwa ajili ya woga wako. Siku ikifika, vaa glavu umshike mwenyewe. Usimwachie mkeo kazi hiyo.

Shangazi

BARUA YA PILI

Shangazi, hii ndiyo habari yenyewe.

Nilipiga. Aliuliza bawa linafika wapi, kisha akasema, "Mwambie daktari anisubiri." Popo akapewa dawa ya maumivu.

Mke wangu aliingia na begi begani, hakunisalimu. Alifungua vifungo vya kifuko kimoja kimoja, akanyoosha bawa mpaka lilipogoma, akaliachia taratibu.

"Hata mara moja hukumtundika?"

"Hata mara moja."

Sindano ilichomwa kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Popo nilimshika mimi. Alinikumbatia kidole kwa kucha zake, kidole changu mimi, akaning'ang'ania hivyo mpaka kucha zikalegea.

Wiki hii mke wangu ameokota mwingine. Kila jioni humtundika kwenye kamba ya nguo, na akianza kulia mimi hutolewa nje, nikakaa barazani na kusikiliza mpaka anyamaze mwenyewe.